Maji yalitoka, wageni wakashukiwa: Koleta wa Mhezi na ndiva iliyokauka asubuhi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Koleta Nicolaus ameshainjika sufuria ya makande, ameshasukuma kuni ndani, na sasa yuko kwenye ukingo wa ndiva. Amechutama. Anamulika kizibo kwa tochi ya simu.

Ndiva ni bwawa la watu wote. Jioni linazibwa, maji ya kijito yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa yaende kwa mwenye zamu. Asiye na zamu anasubiri siku yake. Huku Mhezi, juu kwenye milima ya Upare, mtu anaweza kukukopesha ng'ombe, lakini zamu ya maji hakupi.

Maji yapo. Yamejaa, yametulia, yamefunikwa na ukungu. Koleta anayaangalia kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoiamini.

"Nikishayaona kwa macho yangu ndiyo napata nguvu ya kukata vitunguu," anasema. "Wiki ya tatu hii. Kila asubuhi nakuja kuyaangalia kama mgonjwa."

Hayuko peke yake. Upande wa pili wa maji amesimama Aminieli, mdogo wa mume wake, jembe begani. Leo si zamu yake.

"Umekuja kuyahesabu, shemeji?" Aminieli anauliza.

"Nimekuja kuyasalimia. Na wewe je? Zamu yako si kesho?"

"Na mimi nimekuja kuyasalimia."

"Haya, yameitikia. Twende zetu."

Wanacheka kidogo, cheko la kuonyeshana meno. Lakini hakuna anayetaka kuondoka wa kwanza, akamwacha mwenzake pale na kizibo.

Koleta ana miaka arobaini na moja. Kazi yake, ukimuuliza, ni "kutembeza watoto wa watu." Mumewe anafanya kazi kwenye shamba la mkonge huko bondeni, anapanda nyumbani mwisho wa mwezi. Koleta alianza miaka minne iliyopita, pale mama mmoja aliyekuja kwenye msiba alipomwomba awatoe watoto wake nje, wanapiga kelele wafiwa wanalia. Akawatoa. Walirudi jioni wamelowa, wamechafuka, wamenyamaza, wanasinzia kwenye sahani.

"Yule mama akaniambia, dada, hawa wangu hawajawahi kulala bila katuni. Nikasema kumbe hii ni kazi."

Siku hizi familia zinatoka Same mjini, Moshi, nyingine mpaka Dar. Wanalala Hedaru, asubuhi wanapandishwa na gari. Koleta anawapokea na fimbo za kutembelea, kila mtoto na ya kimo chake. Wanavuka kijito kwa mawe. Wanaenda kwenye maporomoko yenye maji ya kung'ata meno. Wanatafuta kinyonga, ambaye wakubwa wanamkimbia na watoto wanamtaka. Kwenye mteremko wa majani watoto wanakalia magamba ya mgomba na kuteleza mpaka chini, halafu wanapanda tena, halafu tena, mpaka baba mmoja mwenye kitambi anaomba na yeye ajaribu.

Kwa familia nzima anachukua elfu ishirini, makande ndani yake. Msimu wa likizo anapata familia mbili au tatu kwa wiki. Hela hiyo ndiyo inamsomesha binti yake Eliza, wa kidato cha tatu.

Lakini kinachowaleta watu ni ndiva. Watoto wanakaa ukingoni, wanamwona mtu anazibua, maji yanaruka mferejini, nao wanakimbia nayo sambamba mpaka shambani wakipiga mayowe. Picha hizo ndizo zinazozunguka kwenye simu za watu. "Wananipigia wanasema, wewe ndiye yule mama wa kukimbiza maji?" anasema.

Wiki tatu hizi hakuna mtoto wa mgeni aliyekimbiza maji. Wamekatazwa.

Ilikuwa Jumapili. Victoria, mama kutoka Moshi, alikuja na watoto wake watatu. Walishinda ndivani mpaka jua likapungua, wakicheza na udongo. Wakaondoka. Asubuhi ya Jumatatu, zamu ya Aminieli, ndiva ikakutwa tupu. Mti wa kuzibia ulikuwa umelala mferejini kama mlevi, na maji yote yalikuwa yameteremka porini usiku, hayakumwagilia hata jani la mtu.

Aminieli alikuwa ametoka kupanda tangawizi. Alisimama ukingoni akapiga kelele mpaka watu wakatoka na vikombe vya chai mkononi.

"Watoto wa Koleta wamechomoa! Wamechezea, wamechomoa!"

Tangu siku hiyo Koleta akiingia dukani, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Mchanja kuni aliyekuwa akimwita "mama utalii" kwa utani sasa anamwita kwa jina lake lote. Wengine wanasema hao wageni si wageni, wanapima chanzo cha maji, wanataka kukiuza. Dorkas, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimuuliza huku akitazama pembeni: "Hivi, mama Eliza, wale watu huwa wanakuuliza maji yanatoka wapi?"

"Nikamjibu, watoto wanauliza kila kitu. Wanauliza mbuzi anaitwa nani. Sasa na mbuzi wanataka kumuuza?"

Mzee Zebedayo, anayesimamia zamu za maji, hataki maneno mengi. Tunamkuta kwenye ngazi za kanisa anapukuchua maharage.

"Mimi sijasema ni watoto, sijasema si watoto," anasema. "Nimesema mgeni asisogee ndivani mpaka Jumamosi. Jumamosi ni msaragambo. Tutasafisha ndiva wote, tukimaliza tutakaa, tutaamua. Ikionekana wageni ndio wabaya, njia ile naifunga. Haifunguliwi tena mimi nikiwa hai."

Msaragambo ni kazi ya pamoja, na huku hakuna kesi inayosikilizwa vizuri kuliko ile ya watu wenye matope mpaka magotini. Baada ya kuchota tope bega kwa bega, kusema uongo kunachosha.

Koleta naye ana wa kumshuku, na hamfichi.

"Mti ule mtoto hawezi kuuchomoa. Mimi mwenyewe nimejaribu, nikaanguka kwa makalio. Ni mtu mzima. Na mtu mzima anayetaka njia ifungwe ni mmoja. Njia inapita pembeni ya shamba lake, alishaniambia wageni wangu wanamkanyagia mipaka. Sasa unganisha mwenyewe."

Anaingia ndani, anatoka na kopo tupu la mafuta ya kupikia. Ndani yake kuna bonge la udongo mkavu, kubwa kama ngumi. Aliliokota mferejini Jumatatu ile ile, chini ya mti ulioanguka. Upande mmoja ni jekundu. Upande mwingine ni jeusi, na kwenye weusi huo kimechomoza kipande cha tangawizi.

"Nani mwingine analima tangawizi karibu na ndiva?" anauliza. "Hili limetoka kwenye viatu vyake. Alikuja usiku, akachomoa. Jumamosi naliweka mbele ya Mzee Zebedayo, halafu tuone nani atalia."

Analirudisha kopo juu ya kabati, nyuma ya sufuria, kama mtu anavyoficha sumu ya panya.

Saa tatu wageni wa leo wanafika: Novatus, fundi umeme wa Same mjini, mkewe Redempta, na binti yao Irine wa miaka saba, aliyevaa buti za mvua za rangi ya waridi ingawa jua linawaka. Koleta anawasalimia kwa uchangamfu, lakini macho yake yanapita juu ya mabega yao, kule njiani. Kuna mtu anapita na kikapu. Anamtazama mpaka anapotea.

Anawapitisha njia ndefu, nyuma ya migomba, wasiione ndiva. Irine si mtoto wa kudanganywa.

"Mbona hatuendi kwenye maji ya kukimbia?"

"Maji leo yamepumzika."

"Maji yanapumzika?"

"Ya huku yanapumzika. Yana zamu."

"Baba, maji yana zamu," Irine anamwambia baba yake kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Kwenye mteremko wa magamba ya mgomba hasira inaisha. Anateleza, anapiga kelele, anapoteza buti moja, linapatikana kwenye kichaka. Novatus naye anateleza, anachana suruali, mkewe anacheka mpaka anakaa chini. Ukiwaona huwezi kudhani kuna kesi kijijini. Ni Koleta tu anayegeuka kila dakika kutazama bonde, ambako malori yanapita barabara kuu madogo kama punje za ulezi.

Mchana wanakula makande nyumbani kwake. Irine anamaliza wa kwanza, anaanza kuzunguka nyumba, na kwenye dirisha anakuta ng'ombe.

Ni ng'ombe wa udongo, wamepangwa wanane, wekundu, wamekauka vizuri. Mmoja ana pembe moja. Mwingine amenona kuliko nyumba. Ni kazi ya watoto wa Victoria, waliwaacha wakauke, na Koleta aliahidi kuwatuma Moshi. Tangu yale maneno yaanze hajapata moyo wa kuwafunga.

"Na mimi nataka kutengeneza," Irine anasema. "Udongo wake uko wapi?"

Koleta anafungua mdomo amjibu. Jibu ni jepesi. Udongo uko ndivani, kwenye lile fungu lililofunikwa na majani ya mgomba.

Mwiko wa kupakulia umebaki hewani.

Fungu lile si la kuchezea. Ni udongo wa mfinyanzi, wanaume wanaupandisha kutoka shimoni bondeni, mwendo wa mlima mkali, na kazi yake ni moja tu: jioni mwenye zamu ya kesho anausindilia kuzunguka mti wa kuzibia, maji yasipenye. Ni kazi ya wanaume. Koleta ameolewa hapa miaka ishirini na hajawahi kuziba ndiva hata siku moja. Jumapili ile aliinua majani, akaona udongo laini usio na jiwe, akawaambia watoto chukueni.

"Nilisema kidogo," anasema, na sauti imeshuka. "Lakini watoto watatu, mchana kutwa! Walitengeneza ng'ombe, wakatengeneza zizi, wakatengeneza ndege ya Precision, wakamtengeneza na rubani. Vingine walivitupa majini wakitaka kuona kama vinaogelea."

Analishusha kopo. Anaweka bonge mezani kando ya ng'ombe mwenye pembe moja. Wekundu ni ule ule. Sasa analisoma upya, polepole, kwa kidole. Udongo mwekundu ulikuwa kidogo, haukutosha. Mtu akajazia udongo mweusi wa shambani, ule wa karibu, wa tangawizi, kwa sababu jua lilikuwa linazama na shimo la mfinyanzi liko mbali. Udongo mweusi hauzuii maji. Ulilainika usiku, maji yakausukuma mti, mti ukaanguka.

Na jioni ile aliyeziba, kwa kuwa kesho yake ilikuwa zamu yake, alikuwa Aminieli mwenyewe.

"Kwa hiyo hakuja usiku," Koleta anasema. "Hakuchomoa mtu." Analigeuza bonge mezani. Halafu shaka inarudi, imebadilisha nguo tu: "Lakini anajua. Lazima anajua alichosindilia. Wiki tatu ananitazama kila asubuhi, anasubiri kuona kama na mimi nimejua."

Redempta, aliyekuwa anasikiliza na bakuli lake, anauliza kama si afadhali anyamaze tu.

"Nikinyamaza, Jumamosi njia inafungwa, na watoto wa mtu wanaitwa waharibifu. Nikimsema yeye peke yake, nitakuwa nimeficha kosa langu. Nikisema langu peke yake, wataniuliza, kama udongo haukutosha aliyeziba alizibia nini? Bado nitakuwa nimemsema." Anacheka bila furaha. "Ni shemeji yangu. Krismasi tunakula meza moja."

Mpango wake ni huu, kama atapewa nafasi: njia ibaki, na kila mtoto mgeni anayetaka kucheza na udongo ashuke shimoni kwanza na kikapu chake, apandishe udongo, nusu ya fungu, nusu ya ng'ombe. "Watapenda," anasema. "Watoto wa mjini ukiwapa mzigo wanaona ni zawadi."

Na kama Aminieli atakasirika kwamba ameandikwa gazetini? "Andikeni. Gazeti huku linafika limeshafungia maandazi. Jumamosi itakuwa imepita."

Jioni, wageni wakishashuka, Koleta anapanda kwenye jiwe lililo nyuma ya kanisa, mahali ambapo mtandao unashika vizuri. Kutoka hapo ndiva inaonekana yote. Anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Shemeji shikamana na mimi. Udongo wa fungu niliwapa watoto mimi, sikujua. Na wewe ulijazia wa shambani. Ninao, una tangawizi yako. Jumamosi naomba tusimame wote wawili. Utasimama?"

Anatuma. Tiki moja. Tiki mbili.

Huko chini, mtu anapanda kutoka bondeni taratibu, ameinama, kikapu kizito mgongoni. Ni Aminieli, kesho ni zamu yake. Anafika ukingoni, anakitua kikapu kando ya fungu, anajinyoosha mgongo. Anatoa simu mfukoni. Uso wake unamulikwa kidogo.

Kwenye simu ya Koleta tiki zinageuka bluu.

Aminieli anairudisha simu mfukoni. Anamimina udongo mwekundu, anaokota kikapu kitupu, na badala ya kuanza kuziba anashuka tena bondeni kufuata kingine, cha kujazia fungu.

Koleta anakaa juu ya jiwe na simu mkononi, anamtazama akishuka.