Chupa ya Matone ya Manyamanyama

Jicho langu la kulia walilitoa hospitali, na aliyeliua namjua. Jina lake silitaji, sababu nitaisema mbele. Kazi yake naitaja: anauza dawa hapo Manyamanyama, Bunda, duka lenye mlango wa bluu, na anavaa koti jeupe ambalo hakuna shule iliyomvisha.

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Ganda la pamba likikauka linakuwa na ncha kama sindano, na wewe unainama kwa haraka maana jua linapanda. Likanichoma. Kesho yake jicho jekundu, machozi yanachuruzika, mwanga wa mlangoni tu naukimbia. Nikaenda kwa huyo bwana. Hakunifunua hata jicho. Akanisukumia kachupa kadogo ka matone juu ya meza, akasema, "Mama, weka hii. Kesho utarudi kunishukuru."

Na nilirudi kumshukuru. Hilo ndilo linaloniumaga mpaka leo. Wekundu uliondoka siku moja tu, maumivu yakapungua, nikampelekea kuku. Kuku mzima, tena mtetea. Baada ya siku chache likatokea doa jeupe katikati ya jicho, kama punje ya mchele. Akaniambia niendelee na matone. Nikaendelea. Nilipofika hospitali kwa watu waliosomea kazi hiyo, hapakuwa na jicho la kutibu.

Nyumbani wengine walisema nimelogwa. Wengine walisema nilichelewa kununua dawa. Hakuna aliyesema ni dawa yenyewe, hata mimi. Tungesemaje, na wote tuliuona wekundu ukiondoka?

Sasa, kwetu chupa ya matone haiwi ya mtu mmoja. Ikinunuliwa ni ya mji mzima, yaani watu wote wa boma moja na majirani zao. Inaning'inizwa kwenye kimfuko juu ya mtungi wa maji, maana pale pana ubaridi, na mwenye jicho akija anawekewa. Ikiisha inanunuliwa nyingine ya aina ile ile. Baada ya jicho langu kutolewa, chupa haikutupwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa Butiama, aliichukua akaenda nayo kwake. Alisema dawa nzuri hivyo isipotee.

Basi msimu wa juzi ganda likanichoma tena. Jicho la kushoto. Lililobaki.

Mtu mwenye macho mawili hawezi kujua hofu ile. Nilikaa ndani nikifikiria nani atanishika mkono kwenda chooni, nani atachambua mawe kwenye mchele. Nikatuma salamu Butiama. Wifi akaja mwenyewe na pikipiki, akaniweka matone kwa mkono wake. Wekundu ukaondoka. Siku ya tatu nikaliona doa. Sikuliona kwenye kioo. Niliona ukungu umekaa katikati ya kila uso wa mtu.

Wiki hiyo ilipita gari yenye kipaza sauti. Wenye vidonda vya macho waje zahanati, kuna daktari wa utafiti. Watu wakacheka. Watafiti tunawajua: wanakuja, wanauliza, wanaandika, wanaondoka na maneno yetu, hatuwaoni tena. Mimi nilikwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Nilimkuta binti wa umri wa mzaliwa wangu wa kwanza. "Shikamoo mama," akasema, na alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kunigusa. Kwa kila mtu aliyeingia alinawa upya. Alinitazama kwenye mashine yake kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Umeweka nini jichoni?"

"Sijaweka kitu."

Nilimdanganya bila kupepesa. Niliogopa kumtaja wifi. Kwetu humtaji ndugu wa mume mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Hakugomba. Alisogeza kalamu pembeni. "Sawa mama. Majirani zako wakiumia jicho huwa wanaweka nini?"

Aa, majirani! Hapo mdomo ukafunguka. "Wengine maziwa ya mwanamke anayenyonyesha. Wengine wanatafuna majani wanatemea."

"Na wale wanaojiona wamestaarabika?"

"Hao wana chupa."

"Na wewe mama, ni jirani wa aina gani? Wa majani au wa chupa?"

Nilicheka, nikamwambia, "Daktari, unanitega."

"Nakutega ndiyo. Jicho hili halina muda."

Nikasema yote, kuanzia mlango wa bluu mpaka pikipiki ya wifi. Akaweka dawa ya ganzi, akachukua kijichuma chembamba, akakwangua lile doa. Ncha ya chuma inakuja kwenye jicho langu la pekee, na mkono wake hautikisiki kabisa. Nimewahi kuona mafundi wa kila aina. Mkono kama ule sijauona.

Nilimuuliza kama nitapona. "Sijui bado," akasema. Yule wa Manyamanyama hajawahi kutamka neno hilo tangu azaliwe.

Halafu akaitaka chupa. Siyo habari zake, chupa yenyewe. Nilikuwa napelekwa Musoma kwa matibabu kwa gari yao, akamwambia dereva apitie Butiama kwanza.

Wifi alitokea mlangoni amefunga kanga kiunoni. "Umeniletea serikali?"

"Shikamoo mama," daktari akasema. "Nimekuja kuomba chupa. Mtu simtaki."

"Chupa hiyo imesaidia wengi. Hata ndama wetu tulimwekea."

"Ndama anaendeleaje?"

Wifi akatazama zizi. "Tulimchinja."

Daktari aligeuza uso ili asicheke. Mimi sikucheka. Hasira ilinipanda, nikamwambia wifi yeye ndiye aliyenimalizia jicho. Akaniangalia hivi, kwa huruma na kwa ukali pamoja. "Wifi, nani alituma salamu? Mimi niliota kwamba unaumwa?"

 Kama ni kutaja wahusika, basi aliyetuma salamu naye nimtaje. Ni mimi.

Daktari aliipokea chupa kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto, akaitia kwenye mfuko safi na kuandika namba. "Utairudisha?" wifi akauliza. "Hapana mama." "Basi niletee kama hiyo." "Nitakuletea jibu."

Njiani alinieleza, maana nilimbana. Akasema, "Kwenu ng'ombe wakiibiwa mnafanya nini?" Tunapiga yowe, nikamwambia, watu wote wanatoka. "Basi ule wekundu ni yowe. Mwili umemwona mwizi, unaita watu. Matone haya yana dawa inayowanyamazisha wapiga yowe. Kelele zinaisha, mnalala. Mwizi bado yuko zizini."

Nikakumbuka. Jicho la kulia, miaka yote hiyo, na kuku wangu mtetea.

Musoma nililazwa. Dawa nyingine, matone yake kila saa, na yananata kama maziwa mazito. Daktari alikuja kila asubuhi kabla hajavua mkoba begani, anapiga magoti ili uso wake uwe sawa na wangu, anatazama. Siku za mwanzo alikuwa anasema, "Halijakua." Nilijifunza kuishi kwa neno hilo. Kisha siku moja akasema, "Limepungua," akageuka akajifanya anakohoa.

Siku ya kuruhusiwa nilitembea mpaka Mwigobero, sokoni kando ya ziwa. Dagaa walikuwa wametandazwa, na nilimwona mmojammoja, na mng'ao wake wa fedha ubavuni. Ukungu mdogo umebaki pembeni, kama kioo kilichofutwa kwa kitambaa kichafu. Mama mmoja muuzaji akaniuliza, "Unanunua au unahesabu?" Nikamwambia naangalia tu. "Kuangalia ni bure," akasema, "lakini usiwamalize."

Kabla ya kurudi nyumbani nilipita Manyamanyama. Nilimwambia yule bwana yote. Hakushtuka. "Mama," akasema, "ulikuja na wekundu. Wekundu haukuondoka?" Uliondoka. Hilo ndilo jibu lake, na duka bado liko wazi, na mlango wa bluu ameupaka rangi upya. Siku za gulio mimi nakaaga kwenye benchi la fundi cherehani, mkabala na duka hilo. Mwenye jicho jekundu akija, ananikuta mimi kwanza. Namwonyesha upande wangu wa kulia.

Na yule binti alirudi. Baada ya mavuno alirudi zahanati ile ile na majibu, akayasoma kwa Kiswahili cha kueleweka, na wifi yangu alitoka Butiama kuja kusikia la chupa yake. Mdomoni mwa chupa walikuta uchafu wa kila namna, na ndani ile dawa ya kunyamazisha. Nilinyoosha mkono, nikasema niko tayari kusimama niwataje watu kwa majina. Akanionyesha karatasi zake. Hapakuwa na jina hata moja, ni namba tupu. "Mama, nikiandika majina, kesho nani ataniambia ukweli?" Ndiyo sababu na mimi hapa sijaandika. Sijakubaliana naye, ila namheshimu.

Halafu akaweka mezani hadubini yenye bomba moja. Chini yake kipande cha kioo, na juu ya kioo hicho, kile alichokwangua jichoni mwangu. Watu wakapanga foleni. Kila mmoja alihangaika kufumba jicho moja, wengine wanalishika kwa kidole. Mimi sikuwa na la kufumba. Nikainama tu.

Zilikuwa nyuzi. Nyembamba, zimetoa matawi, zimepita huku na huku kama mizizi ya magugu ukiyang'oa shamba la mchanga. Kuvu, daktari alisema, ukungu wa aina inayoota kwenye majani na maganda shambani. Hizo ndizo zilizokuwa zinakula jicho hili hili ninalozitazamia.

Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Wifi akanigusa bega. "Wifi, toka, na sisi tuone."

"Ngoja," nikamwambia. "Bado namtazama mwizi."