Harufu ya Beberu

Nilipomaliza chuo, baba mkubwa alinipeleka Kalenga kunionyesha kipande cha shamba alichoacha marehemu baba yangu. Yeye ndiye msimamizi wa mashamba ya ukoo. Tulikuta mteremko mtupu wa udongo mwekundu, uliochoshwa na mahindi, na korongo limeanza kuumega kwa chini. Nikamwambia nitafuga mbuzi wa maziwa. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wajomba zako wa Mbeya wanajua ng'ombe," alisema. "Wewe umesoma mpaka chuo kikuu uje kukamua vidude hivyo?"

Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho shamba lile lilitoa mahindi ya kujivunia. Nyumbani wananiita mbishi, na sikatai. Akanipa sharti. Kulikuwa na mkulima wa nyanya aliyetaka kukodi kipande hicho, baba mkubwa angemzuia kwa misimu miwili. Baada ya mavuno ya pili, kwenye kikao cha ukoo, ndugu wangeletewa maziwa yangu. Wakiyakataa, shamba linakwenda kwenye nyanya.

"Mfugaji ambaye ndugu zake hawanywi maziwa yake, anamfugia nani?"

Niliitafutia kasoro hoja hiyo njia nzima ya kurudi Iringa mjini. Sikuipata.

Mvua za kwanza zilipoanza nilihamia kwa shangazi, dada yake baba, ambaye nyumba yake inapakana na shamba. Tulichimba makingamaji kukata mteremko, mimi na yeye, tope likitufika magotini. Juu ya matuta tukapanda majani ya mabingobingo kwa ajili ya malisho, na miti ya lusina katikati. Majirani waliokuwa wakienda kupalilia walisimama kututazama. Mmoja aliwaambia wenzake kwamba sisi sote tunang'oa majani, lakini msomi yeye anayapanda kwa mistari. Walicheka hadi kona. Lakini kiangazi kilipofika, mteremko wote wa Kalenga ukawa kahawia, na shamba letu likabaki kijani. Hao hao wakaja kuomba vipande vya mbegu. Niliwapa, baada ya kuwauliza wanataka kupanda majani kwa sababu gani.

Banda tulilijenga juu ya nguzo, sakafu ya mabanzi yenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini, tukizoe na kukirudisha kwenye majani. Mjomba wangu anayekaa Soweto, Mbeya, alinitafutia majike watatu wenye mimba na beberu mmoja kutoka kwa wafugaji wa milimani. Walikuja kwenye Fuso la viazi. Dereva alishuka ameziba pua, akaniambia kwamba yule beberu ameongea njia nzima bila kufungua mdomo.

Majike walizaa salama. Maziwa yakaja mengi kuliko nilivyotarajia. Na yalinuka.

Shangazi alionja funda moja, akayamwaga kwenye bakuli la mbwa. Akaniambia bila ubaya kwamba ndivyo yalivyo, maziwa ya mbuzi yananuka, Mungu kayaumba hivyo. Kila mtu pale Kalenga alikuwa na hakika hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na ushahidi mwingine: kwa wafugaji wale wa Mbeya, nilipokwenda kuwaona mbuzi, nilikuwa nimekunywa kikombe kizima, na hakikuwa na harufu yoyote. Mbuzi ni hao hao. Basi kosa lilikuwa kwetu.

Nilianza na vyombo. Tulikuwa tunatumia madumu yaliyowahi kubeba ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nikayatupa na kununua sufuria yenye mfuniko. Harufu ikabaki. Nikabadilisha chakula, nikapunguza mashudu ya alizeti. Ikabaki. Nikaosha viwele kwa maji ya moto, ikapungua kidogo tu. Huku kikao kinakaribia, na mkulima wa nyanya alishaanza kupita kupima shamba kwa hatua.

Asubuhi moja nilitoka kumlisha beberu, nikakaa kunywa chai. Ilinuka vile vile. Ilikuwa chai ya rangi, haina hata tone la maziwa.

Nilinusa mikono yangu. Nikanusa kitenge changu: beberu mtupu.

Shangazi ndiye aliyekuwa amesema dume alale na kundi lake, kama ilivyo desturi pale, kwa kuwa ukimtenga unaita utasa. Mimi ninayehoji kila kitu sikuwa nimelihoji hilo. Siku ile ile nikamjengea beberu kibanda chake chini, karibu na korongo, upande ambao upepo unaipeleka harufu mbali na banda. Nikapanga kukamua kwanza, kisha ndipo nimlishe.

"Umewafanya wajane mume akiwa hai," shangazi alisema.

Nikamwambia mume atakuja akiitwa. Alijitahidi asicheke, akashindwa. Siku chache baadaye alionja funda, akamaliza kikombe. Mbwa hakupata kitu.

Kikao kilifanyika Julai, watu wamejifunika mablanketi, wakiota jua uani. Niliwatangazia kwamba chupa moja ina chai ya maziwa ya ng'ombe wa jirani, nyingine ya mbuzi wangu. Shangazi ndiye aliyechemsha na kumimina, bila kuniambia ipi ni ipi, ili hata uso wangu usimsaidie mtu.

Baba mkubwa alinusa kikombe cha kwanza, akanywa kidogo, akakunja pua. Cha pili alikinywa chote. Akarudisha kidole kwenye kile cha kwanza.

"Hii ndiyo ya mbuzi. Inanuka."

"Kaka," shangazi alisema, "hiyo ya ng'ombe."

Uani palilipuka kicheko. Vikombe vikaanza kunyooshwa kuelekea chupa ya pili, nami nikaichukua nikaanza kumimina. Baba mkubwa alingoja kelele zipungue, akasogeza kikombe chake nacho kijazwe.

"Wa nyanya nitamwambia mwenyewe," alisema. Akanywa. "Na kile kipande changu cha juu kimelala bure. Majani yako yatakubali kule?"

"Yatakubali, baba."

"Umejuaje, na hujakipima?"

Lilikuwa swali zuri. Tukaenda kukipima.