Kuifundisha Seva Kujizima

Mimi nimechoka. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili asije mtu akatafuta furaha humu halafu akanilaumu. Nina umri wa mtu wa kidato cha nne na magoti ya mzee mstaafu, na aliyenizeesha si jembe wala mpira. Ni UPS.

UPS ya shule yetu ni sanduku jeusi lililowekwa chini ya meza kwenye kichumba kilichopakana na ofisi ya walimu. Umeme ukikatika, linaishikilia seva kwa betri dakika chache, ili apatikane mtu wa kuizima kistaarabu. Seva yenyewe ndiyo kompyuta inayotunza maksi za shule nzima. Ikizimwa vizuri inalala tu. Ikikatiwa ghafla inaweza kuamka imesahau. Iliwahi kusahau maksi za kidato cha pili chote, na madam wa taaluma, ambaye ndiye mwenye mambo ya mitihani, akaziingiza upya moja moja. Wiki ile hakusalimiana na mtu. Ukimwambia shikamoo anaangalia ukuta.

Basi, huyo mtu wa kuizima kistaarabu ni mimi. Mkuu wa shule alinikuta nimefungua mchezo wa magari ndani ya seva. Nilitegemea kupewa eneo la kufyeka. Akaniangalia kidogo, akasema, "Kumbe unaijua."

"Siijui sana, Mkuu."

"Unaijua."

Ikawa ndiyo cheo changu.

Hapa Mpanda umeme ukikatika hatuulizani kwa nini. Tunaulizana simu yako imebaki na chaji ngapi. Kwa hiyo kazi ilikuwepo. Darasa letu liko upande mmoja wa uwanja wa mpira, seva iko upande wa pili. Feni ya darasani ikianza kupunguza mwendo tu, mimi nimeshasimama. Wenzangu waliniita Mkunga, kwa sababu naitwa saa yoyote.

"Mkunga, uchungu umeanza huko."

"Mkunga, usisahau glavu."

Nikirudi nahema, wa dirishani anauliza ni wa kike au wa kiume. Mwalimu wa kemia hakuwa anacheka wala hakuwa ananisubiri. Alikuwa anaandika ubaoni na kufuta, na ndiyo maana kemia yangu ina matobo kama neti ya bwenini.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba kuna siku nilikimbia roho mkononi na bado nikaikuta seva imeshakufa. Mkuu ananikuta nimeinama nashika magoti.

"Ulikuwa unatembea."

"Nilikimbia, Mkuu."

"Ulikimbia kwa kutembea."

Tunakaa bweni, na umeme haujui wikiendi ni nini, kwa hiyo wenzangu walikuwa wanaomba ruhusa kwenda kwao mimi nikibaki na sanduku langu. Nyumbani ni Sitalike, si mbali hata kidogo, lakini kwangu ilikuwa kama nchi ya nje. Walivuna mahindi bila mimi. Hilo niliisamehe seva. Walifanya arobaini ya bibi bila mimi, na hilo sikuisamehe.

Halafu Mama akapiga simu kwa matroni. Nikaitwa, nikaipokea pale mlangoni kwake.

"Mdogo wako anapata kipaimara Jumapili hii," Mama akasema. "Umeandikwa msimamizi."

"Mimi?"

"Tulimwambia achague mtu mzima mwenye akili, akakataa. Kakutaja wewe. Paroko kaniuliza mara mbili."

Msimamizi ndiye anayesimama nyuma ya mtoto, anamwekea mkono begani wakati askofu anampaka mafuta kwenye paji la uso. Ni kazi ya kusimama na kunyamaza. Ya kusimama naiweza.

"Nitakuja, Mama."

"Ulisema hivyo hivyo kwenye arobaini." Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo paliponiuma. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mimi sijui nimwambie nini mtoto. Kama una ile mashine yako, sema sasa hivi, nimwombe katekista."

"Usimwombe mtu."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu.

"Seva nitamwachia nani?" akauliza.

"Itajizima yenyewe, Mkuu."

"Imeanza lini?"

"Itaanza Alhamisi."

Aliinua macho kwenye karatasi zake. "Nitaitazama kwa macho yangu. Ikijizima, unakwenda. Isipojizima, mdogo wako atatafutiwa mtu mwingine."

Hapo nilikuwa sijui kama inawezekana. Nilikuwa nimesikia tu. Jioni, wakati wa michezo, nikalishusha boksi la UPS lililokuwa juu ya kabati. Ndani nikakuta waya mwembamba ambao haujawahi kutolewa kwenye mfuko wake wa nailoni. Tangu UPS inunuliwe, waya ulikuwa umelala pale, na mimi nakimbia. Nilikaa sakafuni kidogo nikiutazama. Sikuwa hata na nguvu ya kukasirika.

Waya ule ndio mdomo wa UPS. Ukiuchomeka kwenye seva, UPS inaweza kuiambia kwamba umeme umekwenda na betri imebaki kiasi fulani. Kinachobaki ni kuiambia seva ifanye nini ikisikia habari hiyo. Programu iliniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kuliko mwalimu yeyote wa shule hii: isubiri muda gani kwenye betri kabla ya kuanza kujizima? Nikaweka dakika tano, kwa sababu mara nyingine umeme unapepesa tu na kurudi, na hakuna haja ya kuzima kwa ajili ya kupepesa. Inahitaji muda gani kufunga kazi zake? Nikaweka mbili. Walioko kwenye kompyuta waandikiwe ujumbe gani kabla haijazima? Hapo nikaacha wazi. Nilikuwa na usingizi.

Alhamisi saa ya chai, Mkuu akaja kusimama mlangoni, mikono nyuma. Nikachomoa plagi ya UPS ukutani, kama vile umeme umekatika. UPS ikaanza kulia pii, pii. Nikamwambia Mkuu, asubiri dakika tano, ataona mambo.

Haikufika hata moja. UPS ikatoa mlio mmoja mrefu, ikazima, na seva ikazima nayo, tap, bila kuaga mtu. Feni yake ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Ofisini kwa walimu mtu akasema, "Ah, tena?"

Mkuu hakunigombeza. Alisema tu, "Mpigie mama yako leo, asije akachelewa kumpata mtu," akaondoka.

Niliiwasha seva, ikaanza kujikagua polepole, na maksi zikawepo. Nami nikalala chini kabisa ya meza, shavu kwenye saruji ya baridi, kwa sababu ndipo mahali pekee pasiponidai chochote. Nikiwa pale ndipo nilipouona waya mwingine, mweupe, wa ekstensheni, umechomeka nyuma ya UPS. Ulikuwa unapita nyuma ya mguu wa meza na kuingia kwenye tundu la ukutani, kuelekea ofisi ya walimu.

Nikaufuata. Upande wa pili ulitokea nyuma ya kabati la madam wa taaluma. Kwenye ekstensheni kulikuwa na simu kadhaa zinachajiwa, na katikati yake, kama mama na watoto, jagi dogo la kuchemshia maji. Lilikuwa linatoa mvuke.

Hapo nikakumbuka kwamba kila siku saa ya chai UPS ilikuwa inatoa mlio wa ajabu, na sisi tulisema ndiyo tabia yake. Kumbe ilikuwa inalalamika. Betri ya kuishikilia kompyuta, wewe unaichemshia maji.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Nini tena?"

"Hilo jagi, Madam."

"Lina nini?"

"Linakunywa betri ya seva. Umeme ukikatika linaimaliza kabla sijafika."

Aliliangalia jagi. Akaniangalia mimi. "Mimi nilichomeka hapa kwa sababu ndiyo soketi ambayo haizimi."

"Ndiyo inazima sasa, Madam."

Nilijua anafikiria nini, maana na mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho: kidato cha pili chote, jina kwa jina. Halafu akamimina maji kwenye kikombe, akaweka majani, akakoroga.

"Na wewe umekuwa unakimbia muda wote huo," akasema.

"Kwa kutembea, Madam."

Akacheka puani. Akalichomoa jagi kwa mkono wake na kulihamishia ukuta wa mbali. "Sasa umeme ukikatika chai ndiyo basi?"

"Kuna mkaa kwa mama wa jikoni."

"Toka."

Jagi nilikuwa na uhakika nalo. Simu sikuwa na uhakika nazo, wala walimu wengine, maana soketi isiyozima ina utamu wake. Nikarudi kwenye lile swali la ujumbe nililoliacha wazi. Nikaandika hivi: "Umeme umekatika. Hifadhi kazi yako sasa, nakaribia kujizima. Aliyechomeka jagi anajijua."

Kisha nikamwomba Madam aniombee jaribio la pili. Sijui alimwambia nini Mkuu. Ijumaa alikuja tena, safari hii akaketi mbele ya kompyuta ya ofisini, na walimu wakasogea kwa sababu hawakuwa na vipindi na mimi nilikuwa burudani. Nikachomoa plagi. Pii, pii. Dakika zilipita taratibu sana. Mwalimu wa kemia alikuwepo, amekunja mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza akanisubiri.

Ujumbe ukatokea kwenye kioo. Mkuu akausoma kwa sauti, neno kwa neno, na alipofika mwisho akasita.

"Nani ameandika hii?"

"Seva, Mkuu."

Hakuna aliyecheka, lakini kuna mwalimu aliinama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Kule kwenye kichumba seva ikafunga kazi zake moja baada ya nyingine, ikajizima. Hakuna mtu aliyeigusa. UPS bado ilikuwa na betri ya kutosha.

"Futa sentensi ya mwisho," Mkuu akasema. Halafu akasaini ruhusa yangu. Alipoinuka alipitia nyuma ya kabati, akarudi akiwa ameshika chaja, anaikunja taratibu kama vile ni ya mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi nikaondoka. Mama aliponiona kwenye kona ya nyumba aliingia jikoni akaongeza maji kwenye wali. Mdogo wangu aliuliza kama nimekuja na shati jeupe. Sikuja nalo. Tukaazima kwa jirani, la mtu mnene, nikaonekana kama pazia.

Kanisani, Jumapili, tulikuwa kwenye foleni ya kwenda kwa askofu, mkono wangu uko begani kwake, umeme ukakatika. Spika zikanyamaza katikati ya wimbo. Na pembeni, karibu na mpiga kinanda, kisanduku cha betri kikaanza: pii, pii.

Miguu yangu ilianza yenyewe. Nilishageuka nusu kuelekea mlangoni, mbele ya parokia nzima, na lile pazia limepeperuka.

"We," mdogo wangu akanong'ona bila kugeuka. "Unaenda wapi?"

"Siendi."

"Basi weka mkono."

Nikauweka. Wanakwaya waliendelea bila spika, askofu akaongea kwa sauti yake ya kawaida, na paji la mdogo wangu likapakwa mafuta. Bega lake lilikuwa dogo na lina jasho. Sikumbuki mara ya mwisho niliposimama muda mrefu vile bila kuhema.

Jumatatu nilirudi kabla ya kipindi cha kwanza. Madam wa taaluma alikuwa kizingitini na kikombe chake. Akanieleza kwamba umeme ulikatika Jumamosi mchana akiwa kichumbani anaingiza maksi za mtihani wa majaribio kwenye seva yenyewe. Ujumbe ukatokea, akahifadhi, seva ikajizima, hakupoteza hata moja. Nikasema tunamshukuru Mungu. Nikauliza umeme ulirudi saa ngapi.

"Jioni ile ile."

"Na seva?"

"Ipo." Akasogea pembeni nipite. "Tulikuwa tunakusubiri wewe uje uiwashe. Nani aguse?"

Niliingia kichumbani. Ilikuwa imezima vizuri kabisa, kama nilivyoifundisha, na hakuna popote nilipokuwa nimeiambia iamke. Nikabonyeza kitufe. Nikiwa nimekaa sakafuni nasubiri ijikague, nikaanza kutafuta kwenye setingi sehemu ya kuwaka yenyewe umeme ukirudi, na darasani, ng'ambo ya uwanja, mwalimu wa kemia alikuwa ameshaanza kuandika.