Kilio cha Kwenye Matete

Nilipokuwa mtoto kule Kiringye, katika bonde la Ruzizi, hatukuogopa mamba kama tulivyoogopa matete. Mamba ana mwili, unaweza kumwona akikujia. Matete yalikuwa yakilia. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, mashamba yamejaa pamba, na jua likianza kushuka nyuma ya milima hakuna mtoto aliyekubali kutumwa maji mtoni.

Tate, ndivyo tulivyomwita mama mzaa baba, alikuwa na maelezo yake. Kwetu mtoto mchanga hakutolewa nje ya nyumba mpaka siku ya nane. Siku hiyo anaonyeshwa jua, watu wanakunywa pombe ya ndizi, naye anapewa jina. Aliyekufa kabla ya hapo alizikwa kando ya mto, kwenye udongo laini, bila jina na bila matanga. Huko ndiko analia, anautafuta mlango ambao hakuwahi kuupita.

"Ukimusikia, usijibu," Tate aliniambia. "Na usimupe jina. Mwenye kumupa jina, atamufuata."

Mwaka ule mama yangu alizaa mtoto wa kiume, dhaifu, mwenye vidole virefu. Baba alikuwa mbali, akijenga nyumba za watu Bukavu. Mama alitaka mtoto apelekwe misioni kubatizwa, lakini Tate aliketi mlangoni na kunyoosha miguu. Alivaa rozari shingoni usiku na mchana, ila mambo ya mlango hakumwachia padri. "Siku ya nane haiyafika," alisema. Mwalimu wetu wa dini angeweza kuja kumbatiza palepale nyumbani, ila alikuwa amekwenda mafungo. Na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba mtoto akiwa mahututi, mama yake mwenyewe anaruhusiwa kummwagia maji na kutamka yale maneno. Kanisa lilikuwa linajua. Sisi hatukuambiwa. Nilikuja kulisikia jambo hilo nikiwa mke wa mtu, nikalia kwa hasira mbele ya wageni.

Mtoto alikufa siku ya saba.

Mwalimu aliporudi alikataa azikwe penye misalaba. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, kofia mkononi. Asiyebatizwa, alieleza, yuko mahali pasipo na moto wala nuru. Haumii, lakini hatamwona Mungu kamwe. Mama aliuliza kama mtoto huyo atamwona mama yake. Mwalimu aliangalia chini, akasema hapana.

Basi Tate akamzika kwenye matete.

Maziwa ya Mama hayakujua kwamba mtoto amekufa. Yalilowesha nguo yake kutwa nzima. Jioni alikwenda ukingoni kuyakamua, yakamwagika ardhini, nami nilitumwa niende naye ili asikae huko. Hapo ndipo niliposikia. Si chura, si ndege, maana hao wote niliwajua. Ilikuwa sauti nyembamba, inayokatika kama inayovuta pumzi, kisha ikaanza tena mahali palepale. Matete hayakutikisika. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na mimi nilisimama pale nikitamani wangekuwa wamesema uongo. Mama alikuwa amefunga macho, midomo ikimcheza, na nilijua anazuia kujibu.

Mama alijifunza kusoma kwa masista kabla hajaolewa. Kaka yake, aliyehamia kwa Waprotestanti huko Uvira mjini, alikuja kutupa pole akamwachia Biblia ya Kiswahili. Jambo hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika leo. Sisi Wakatoliki tulikuwa na katekisimu, maswali na majibu, basi. Mwalimu alikuwa ametuonya kanisani mara nyingi: "Muntu mwenye kufungua Kitabu peke yake, Kitabu kitamufungua yeye." Nilidhani anamaanisha tumbo, kama kuku anavyopasuliwa. Kwa hiyo Mama alipoanza kusoma mchana nyuma ya nyumba, kidole kikitambaa chini ya mistari, mimi nilikuwa namchungulia tumbo.

Siku moja kidole kilisimama. Mama alisoma pale tena na tena mpaka ugali ukaungua. Jumapili, baada ya misa, alimfuata Mwalimu uani, nami nimeshika nguo yake.

"Mwalimu, iko mufalme mumoja mu Kitabu," alisema. "Mutoto wake alikufaka siku ya saba. Bayahudi banatahiri mutoto na kumupa jina siku ya nane. Ule alikuwa bado. Haiko na alama, haiko na jina. Na mufalme akanawa, akakula, akasema yeye njo atakwenda kwa mutoto wake. Mufalme alikuwa anakwenda wapi? Fasi haina moto, haina nuru?"

Mwalimu aliangalia mlango wa kanisa.

"Weye haukupewa kazi ya kueleza," alisema. "Hata minye sikupewa. Ni ya mapadri. Leta ile kitabu kwangu. Usipoileta, hautapata komunyo tena."

Kwa mwanamke wa Kiringye wakati ule, kunyimwa komunyo kulikuwa sawa na kutolewa kijijini huku ukiendelea kuishi humo. Mama alijua. Alitembea mpaka nyumbani, na jioni akachukua Biblia, nikafurahi nikidhani anaipeleka. Alishika njia ya mtoni.

Jua lilikuwa jekundu juu ya milima. Kilio kilikuwa kimeanza tayari, kikali kuliko siku zote. Mama alipiga magoti kwenye tope, akafungua, akasoma kwa sauti habari ya yule mfalme kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama anayemhadithia mtoto kitandani. Kisha akasema, "Jina lako ni Simoni. Nitakuja."

Kilio kilikatika katikati ya pumzi. Nilishika mkono wa Mama kwa nguvu zangu zote, maana nilikumbuka maneno ya Tate na nilikuwa nangoja achukuliwe mbele ya macho yangu. Hakuchukuliwa. Usiku ule maziwa yake yalikauka.

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo. Lakini jioni ya pili matete yalilia tena, upande wa juu wa mto. Tulisimama tukisikiliza, na kwa kuwa Simoni alikuwa amenyamaza tukaweza sasa kuwasikia wengine, mmoja huku, mwingine kule, mpaka mbali penye ukungu. Mama alisema tu, "Aa, bako bengi."

Sijui nani alieneza habari. Wanawake walianza kuja, mmoja mmoja, wakijifanya wanaomba chumvi. Walimnong'oneza Mama jina walilokuwa wamelificha moyoni miaka mingi, wakamwonyesha sehemu, naye akaenda kusoma. Wengine walikuwa wazee kuliko Tate. Tate alikuwa akiwafungulia mlango bila kuwatazama.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu. Aliingia kofia mkononi, nami nikakimbilia Biblia ili niifiche. Hakuiangalia.

"Ni binti," alisema. "Marita. Chini ya kivuko, penye jiwe."

Mama alikwenda jioni ileile. Jumapili iliyofuata alipanga mstari wa komunyo pamoja na wenzake, na alipofika mbele, Mwalimu, aliyesimama kando ya padri, alitikisa kichwa. Padri akamruka Mama. Ilikuwa hivyo mpaka Uhuru, na miaka mingi baadaye.

Nilimuuliza kwa nini hamchukii yule mtu. "Iko na kazi yake," alinijibu. "Minye niko na yangu."

Mimi bado ni Mkatoliki, na napanga mstari kila Jumapili. Sijui ni nini kilicholia kule, wala sitaki kuambiwa na wasomi. Najua kwamba Mwalimu alikuwa amepita kando ya jiwe lile kila jioni, akimsikia binti yake, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anangoja ruhusa ya kumjibu.