Magoti ya Baba

Siku ya pili ya kilio cha baba, karani wa kampuni alifika nyumbani kwetu katika kambi ya wafanyakazi na kusimama mlangoni bila kuvua kofia. Alisema baba aligongwa na gari lisilojulikana akiwa juu ya baiskeli yake kwenye barabara ya Kambove, nje ya saa za kazi. Kwa hiyo haikuwa ajali ya kazi, na nyumba ya kampuni ilipaswa kurudishwa mwisho wa mwezi. Mama alikuwa ameshakufa. Tulibaki watoto wanne, mimi mkubwa.

"Yaya, tutaenda wapi?" mdogo wangu aliuliza, akiniita yaya kama kwetu anavyoitwa mtoto mkubwa.

"Hatuendi popote," nilimjibu, bila kujua nitafanyaje.

Karani sikumwamini. Baiskeli ya baba, au kinga kama tulivyoiita kambini, ilirudishwa na dereva wa kamyo, lori la karakana ya kampuni alikofanya kazi baba, yule aliyesema kwamba ndiye aliyemkuta kando ya barabara. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda, lakini baba kila alipotumwa mbali kama Kambove aliiacha baiskeli hiyo karakana na kwenda kwa kamyo.

Kwetu maiti haoshwi na watoto wake wala ndugu zake. Kazi hiyo ni ya watani, watu wa ukoo unaotaniana na ukoo wake. Watani hao hao ndio hucheza kilioni: huvaa nguo za marehemu, humwiga, humsema vibaya, na hakuna mwenye ruhusa ya kuwakasirikia wala kuwakatalia. Nadhani wakubwa wa karakana walilisahau hilo walipomwacha mtani wa baba aingie chumba cha maiti kumwosha.

Mchana ule alitoka mbele ya watu akiwa na koti la baba, akitembea kwa magoti yaliyokakamaa.

"Huyu muntu yenu alikuwa muvivu hata mu kufa," alisema. "Banasema alikuwa ku kinga. Minye nimemuosha. Chini ya magoti, miguu iko muzima. Mikono haiko na mukwaruzo. Lakini magoti yote mbili imevunjika, kifua iko nyeusi, na mu uso niliondoa vipande vya kioo. Tangu lini kinga iko na kioo ya mbele?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa namtazama dereva. Alikaa na wanaume wenzake, lakini hakuwa ameinama kumega tonge la bukari, ugali wetu, tangu sahani iwekwe. Alipumua kidogo kidogo, na wenzake walipocheka alijishika shati kifuani. Nilimwendea mtani nikamnong'oneza niliyoyaona.

"Nyamaza," alinijibu. "Leta viti mbili na meza."

Akaviweka viti sambamba nyuma ya meza, akakaa cha kulia. "Shofere, kuya. Leo minye ni shefu, unitembeze."

"Mutani, nimechoka."

"Unakatalia maiti? Kuya."

Dereva alikuja akaketi. Mtani alinguruma kama injini, akayumba, akajitupa mbele hadi magoti yakagonga meza. Kisha akamgeukia dereva, akamkumbatia kwa nguvu.

"Na weye, usukani ilikupiga wapi?"

Dereva aliguna akajikunja. Kicheko kikakatika. Aliposhusha pumzi alisema polepole, akitazama chini, "Alikuwa pembeni yangu. Tuligonga muti. Shefu ya karakana njo alisema tuseme kinga, sababu kamyo ilibeba mahindi yake ya kuuza, haiko muzigo ya kampuni."

"Utasema hivyo ku biro?" nilimuuliza.

"Batanifukuza."

"Na sisi je?"

Asubuhi yake alikuja. Mtani na wazee wawili wa kanisa walifuatana naye mpaka ofisini, nami nyuma yao. Karani alimsikiliza mlango ukiwa umefungwa, akatoka akasema mambo yataangaliwa.

Mwezi uliisha na hakuna aliyekuja kututoa. Wala hakuna aliyetuambia kwa nini. Dereva alihamishwa Mwadingusha bila kutuaga. Mimi niliitwa kufanya kazi katika karakana ile ile, nikaacha shule, na mahindi hayakutajwa tena na mtu yeyote. Sikujua kama kazi ile nilipewa kwa huruma au ili nifunge mdomo. Shefu alinisalimia kwa upole mno kila asubuhi. Jumapili moja alisimamisha kamyo mbele ya nyumba yetu, akasema atawapeleka wadogo zangu misa. Nilimshukuru, nikawashika mikono, tukaenda kwa miguu.