Kuku Niliyemmwagia Maziwa ya Mama Gidamis

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila ninapokamua limau juu ya nyama ya kuku. Juzi ulipopiga simu kutoka Gendabi ukasema unatoka kufundisha darasani umechoka, chumba kimya, kila jioni chai na mkate, ukaniuliza namna ya kuandaa kuku wa haraka wa siku za kazi, nilikujibu maneno mawili nikakata simu. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika hata kidogo. Siku hiyo ilikuwa imeshanifika.

Tuanze na kuku, maana najua una njaa na hutanisikiliza vizuri kabla sijakwambia. Umkate vipande asubuhi kabla hujaenda shule. Kila kipande kipige kisu mara mbili tatu hadi karibu na mfupa, ili chumvi ipate njia. Twanga kitunguu saumu na tangawizi, changanya na chumvi, pilipili kidogo na maji ya limau, halafu umpake kwa mkono, si kwa kijiko, kijiko hakifiki kwenye mikunjo. Mfunike vizuri. Kama una friji mweke humo. Kama huna, sufuria iwe ndani ya beseni la maji baridi, kivulini, na usimwache alale hadi kesho. Ukirudi jioni kazi kubwa imeshajifanya yenyewe, umebaki kuwasha jiko. Ngoja mkaa ushike mpaka uwe na jivu jeupe juu. Ninyi vijana mnambabua kuku kwa ndimi za moto, nje mweusi, ndani damu, halafu mnamsingizia kuku wa kienyeji kwamba ni mgumu. Yeye si mgumu, ninyi ndio wenye haraka.

Haya yote alinifundisha mzee Yosefu, mpishi wa bwalo kwenye shamba la ngano la serikali, kule tambarare za Hanang. Alikuwa amewachomea kuku wataalamu wa kigeni miaka mingi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani wa mizani, napima malori ya ngano yanapoingia na kutoka. Nilitoka Endagikot, kwetu Mbulu, na sanduku la bati na blanketi moja, nikapewa chumba kimoja cha matofali mwisho kabisa wa safu ya nyumba za wafanyakazi.

Sijawahi kukwambia jinsi nilivyokuwa mpweke kule. Kwetu Mbulu unajua palivyo, mtu akikohoa ng'ambo ya bonde unamtambua ni nani. Kule ilikuwa ngano mpaka macho yanachoka, na upepo. Makarani wenzangu wote walikuwa wanaume. Wake zao walinijibu salamu vizuri tu, lakini hakuna aliyenikaribisha kwake, kwa sababu msichana asiye na mume anayefanya kazi na waume za watu haeleweki. Kuna wiki nilimaliza bila kutamka neno lisilohusu uzito wa gari. Jioni nilikuwa nachoma vipande vyangu viwili vya kuku juu ya chekecheo kuukuu la mashine ya kuvunia (usinifuate kwa hilo, nunua wavu wa dukani), nakula nimeegemea ukuta, naosha sahani moja, nalala.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anakuja kwangu. Alikuwa mama wa wafugaji, boma lake lilikuwa ng'ambo ya shamba, na watu walimwita Mama Gidamis kwa jina la mwanawe wa kwanza. Njia yao ya kwenda kisimani ilikuwa imelimwa ngano, wakawa wanazunguka mbali sana. Siku moja alipita na dumu tupu nyuma ya nyumba zetu, amechoka, nikamfungulia bomba letu. Basi, ni hilo tu. Jumamosi iliyofuata nikasikia hodi mlangoni, na kwa muda sikujua niitike nini, maana hodi nilikuwa nimeisahau. Alikuwa yeye, na kibuyu cha maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumamosi mchana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kizingitini. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na lugha yake mimi sikuijua. Alinimiminia maziwa kwenye kikombe, akasema, "Kunywa. Mimi naangalia." Akawa anaangalia kweli, mpaka tone la mwisho. Nikimaliza alitikisa kichwa kama mtu aliyefanya kazi yake sawasawa, akachukua kibuyu, akaenda. Wakati mwingine aliona manyoya ya kuku nje, akaziba mdomo akicheka, kwa sababu nyumbani kwao hawakula ndege, na mtu mzima kukaa chini anyonyoe ndege lilikuwa jambo la kumchekesha. Tulikuwa hatuna mazungumzo. Lakini kuanzia Alhamisi nilianza kuisubiri Jumamosi.

Wakati huo mzee Yosefu alikuwa ameshanieleza kwamba ndimu na limau zikikosekana, maziwa ya mgando hulainisha kuku hata zaidi. Na kule tambarare limau lilikuwa la kusubiri gari litoke Dongobesh au Babati. Ikaja wiki ambayo gari halikuja. Jumamosi hiyo nilikuwa nimechinja jogoo mzee, amekomaa haswa, nimemkatakata, yuko kwenye sufuria kavu na chumvi yake. Hodi. Mama Gidamis akaingia, akaketi, akanimiminia kikombe kikajaa.

Nikakichukua kile kikombe, nikammwagia jogoo.

Sikufikiri chochote, mwanangu. Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa hata nataka kumwonyesha nilivyo mpishi, nikaanza kukanda nyama kwa mkono, maziwa yanachuruzika kwenye vidole, nacheka. Nilipoinua macho alikuwa amesimama.

"Nilileta wewe ukunywe," akasema. Hakupaza sauti. Akafunga kibuyu chake, akashika njia ya kwao, na mimi nikabaki na mikono imelowa nikijiuliza ana nini.

Jogoo alilainika vizuri sana. Nakwambia hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilimla wote.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Jumatatu nikamsimulia mzee Yosefu, nikidhani ataona ni kichekesho. Akaacha kukoroga ugali. Yeye alikuwa ameishi na wafugaji wale kabla sisi hatujafika.

"Maziwa ya yule mama umemwagia ndege?"

"Nilikosa limau, baba."

"Kwao maziwa na nyama havikutani chomboni. Na ndege kwao si nyama. Hilo angekusamehe, angejua wewe si wa kwao. Lakini unajua ng'ombe wao sasa hivi wanatoa maziwa kiasi gani? Malisho yako wapi? Kibuyu kile ni cha nyumba nzima. Alikuwa anakuletea wewe kwa sababu alikuona unakaa peke yako. Alikuwa anakuja kukaa na mtu, wewe ukayafanya maziwa yake kiungo." Akachukua tena mwiko. "Nenda leo. Usingoje aje."

Sikwenda siku ile. Nilijiambia ni mbali, msimu wa mavuno malori yanapanga foleni, na isitoshe Jumamosi atakuja mwenyewe, nitamwomba radhi hapo hapo mlangoni. Ukweli ni kwamba niliona haya. Niliogopa kusimama kwenye boma la watu, mbele ya wakwe na watoto, nitafute maneno katika lugha nisiyoijua. Basi nikachagua kungoja, na kungoja hakuchoshi miguu. Jumamosi ya kwanza nilifagia kizingiti. Ya pili nilichemsha chai nikainywa mwenyewe. Ya tatu nilifunga mlango mchana, nisije nikajiona ninavyotazama njia.

Mavuno yalipopungua ndipo nikaenda, Jumapili baada ya sala, na kilo ya sukari na kitenge nilichokuwa nimejinunulia mwenyewe. Nilizunguka shamba zima kwa miguu, jua likanipiga. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya neno la kuomba radhi, ambalo mzee Yosefu alinifundisha kwa lugha yao.

Boma lilikuwepo, lakini uzio wa miiba ulikuwa umefunguliwa na haukufungwa tena. Samadi ilikuwa imekauka. Mafiga matatu yalikuwa baridi. Nikajua wamehama, kila mtu angejua. Hata hivyo nilisimama pale penye mlango nikapiga hodi, mara tatu, kama alivyokuwa akipiga kwangu. Halafu nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Niliuliza kwa walinzi, kwa madereva, kwa kila mfugaji aliyepita mizani. Mmoja alisema wameelekea bondeni, mwingine akasema mbali zaidi ya huko. Sikumwona tena. Nilikaa kwenye shamba lile miaka mingine minne, nikawa mchomaji kuku hodari, na hakuna aliyenipigia hodi.

Sasa sikiliza ninachotaka kukwambia. Kuku wako mtie limau. Ukikosa limau, nunua maziwa ya mgando sokoni umtie, ni matamu na hayana kosa. Lakini kitu ambacho mtu amekubebea kwa mkono wake, kitumie jinsi alivyokuletea, yeye akiwa amekaa hapo anaangalia. Ukitaka kukifanyia jambo lingine, muulize kwanza. Hapo Gendabi una majirani wa kila namna, wenye majembe na wenye ng'ombe, na kila nyumba ina yake inayoyaheshimu. Hutayajua yote, na hakuna anayetarajia uyajue. Utakosea. Ukikosea, nenda siku hiyo hiyo, na viatu vyenye vumbi, na maneno mabovu. Usingoje upate ujasiri, wala usingoje aje yeye. Mimi nilingojea haya iniishe, na ilipokuja kuisha watu walishahama.

Na jambo dogo tu: ukipika wa siku za kazi, ongeza kipande kimoja. Uache mlango wazi wakati unachoma, harufu itoke, watu wajue upo.

Mungu akupe mikono ya kupika, mwanangu, na akupe mtu wa kuketi kizingitini kwako akuangalie unakula. Na ukimkosea mtu huyo, Mungu akuamshe mapema, ukamkute bado yupo.