Ndara Ndani ya Alama ya Upepo

Nta ikianza kuyeyuka hutoa harufu nzito, nusu ya mshumaa na nusu ya asali iliyoungua, na katika likizo ile ndefu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, ua wetu wa Kamwokya ulinuka hivyo tangu asubuhi hadi jua lilipozama. Aliyeiyeyusha alikuwa mama mdogo Noela, mdogo wake mama. Tulikuwa tumekimbia Bukavu na kuvuka mpaka miaka sita kabla, sisi watatu, na tulilala chumba kimoja chenye pazia katikati. Mama aliuza maandazi Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi. Noela alitengeneza batiki: alichora kwa nta juu ya kitambaa, akakizamisha kwenye rangi, kisha akaitoa nta kwa maji ya moto, na pale nta ilipokuwa pakabaki peupe. Mimi nilikaa naye kutwa nzima. Nilimpenda kwa namna ambayo mtoto humpenda mtu mzima asiyemwambia akacheze kwingine.

Mama aliwafungia wateja maandazi kwa karatasi zilizoharibika, alizopewa na wachapishaji wa Wandegeya. Katika rundo moja tulikuta kurasa zilizojaa michoro ya ajabu: vibumba vyenye pembe za duara, kama mawe ya mtoni, na ndani yake nyuso, mikono, matone na meno. Maelezo yalisema ni alama za siku za kalenda ya Wamaya, watu wa Amerika ya Kati, ambao vizazi vyao bado vipo na baadhi yao bado wanazihesabu siku kwa njia ile ile. Alama ni ishirini, namba ni kumi na tatu, na zinazunguka pamoja bila kusimama, hivyo kila siku ina alama yake na namba yake. Kulikuwa pia na jedwali la kugeuza tarehe zetu. Noela alichoshwa nalo upesi, lakini mimi nililing'ang'ania mpaka nikalielewa. Nikajua siku ya mama ni Maji, ya Noela ni Nyani, na yangu ni Mvua. Nilizichora kwa mkaa ukutani, kwenye mifuko, kwenye kanga iliyochakaa. Jirani yetu Hajati, Mnubi aliyesuka vikapu vya rangi, alitaka yake pia. Nilipomwonyesha kwamba siku yake ni Mbwa, alirudi nyuma hatua moja. "Mimi hapana taka mbwa," alisema. "Wewe chorea mimi nyota." Nikamchorea nyota, naye akaisuka kwenye kikapu, akawaonyesha wageni wake wote.

Ya baba niliiacha mwisho. Baba alibaki Bukavu ili auze nyumba kisha atufuate, akaugua, akafariki, akazikwa sisi tukiwa huku. Tarehe yake ya kuzaliwa ilinipa Upepo, alama yenye umbo kama herufi T katikati yake. Niliitazama siku kadhaa bila kuigusa, kisha nikaanza. Nilipanua umbo lile la katikati likawa kama mlango, nikalizungushia matone ya siku yangu, na ndani ya mlango nikachora ndara moja ndogo ya mtoto. Noela aliniuliza ndara ni ya nini, nami nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku tuliyoondoka, basi lilipoanza kwenda, ndara yangu ilinidondoka mlangoni. Baba aliiokota akakimbia nayo pembeni mwa basi, akiinyoosha kuelekea dirishani, akicheka. Hakulifikia. Nilimwona akisimama katikati ya vumbi, ndara ikiwa bado juu mkononi. Mama na Noela walikuwa upande wa pili na mizigo, hawakuona. Noela alilia. Alinikumbatia akasema, "Riziki, nitaitia kwenye nta. Kitambaa kikubwa, cha rangi ya buluu. Utajifunika baba yako ukilala."

Nilikisubiri kitambaa hicho likizo nzima. Nikiuliza, aliniambia rangi haijashika, mara mkaa umekwisha, mara tulia kwanza mwanangu. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mama alinivalisha gauni la Jumapili akasema tunakwenda kumtazama mama mdogo. Kulikuwa na maonyesho ya wasanii vijana wakimbizi katika ukumbi mmoja, na aliyechaguliwa angepelekwa kusoma sanaa ng'ambo. Niliingia mbio kumtafuta Noela, nikakikuta kitambaa kwanza. Kilikuwa kizuri kuliko nilivyokiota. Kilining'inia kutoka juu hadi karibu na sakafu, buluu ya usiku, na Upepo wa baba ukiwa mweupe katikati. Chini yake pameandikwa jina la Noela. Hata hapo sikuelewa, nilidhani ni kwa sababu ndiye aliyetia nta. Kisha akapewa kipaza sauti. Alisema alama hizo alijifunza peke yake. Alisema siku ya kuikimbia nchi, ndara yake ilimdondoka. "Shemeji yangu alikimbia nayo nyuma ya basi," alisema, na sauti ikamkatika mahali pale pale ilipokuwa imenikatika mimi. "Alikuwa anacheka. Sikumwona tena." Watu walipangusa macho. Niligeuka kumtazama mama, nikingoja asimame aseme sivyo. Mama alikuwa anapiga makofi.

Tuliporudi uani sikuvua viatu. Nilimwambia Noela mbele ya mama kwamba ameniibia. Alichutama mbele yangu, bado ana poda ya ukumbini usoni. "Ungekifanyia nini, mtoto wewe? Ungejifunika mpaka kichakae. Na hizo alama, Riziki, ni zako? Si tulizikuta kwenye karatasi za maandazi?"

"Mimi nilisema ni za Wamaya," nilimjibu. "Nilimwambia hata Hajati. Na baba?"

Aliyejibu ni mama, akiwa amenipa mgongo, anakanda unga wa kesho. "Alinieleza kabla. Nilimruhusu. Nafasi ni moja, na wewe umri wako haukufika. Noela akipata njia, sote tumepata njia. Sasa nyamaza." Noela alichaguliwa, akaondoka, na kitambaa kikaondoka naye. Asubuhi ya safari nilijifanya nimelala, naye alinibusu kisogoni.

Leo nina kibanda changu cha usanifu Wandegeya, kompyuta mbili na mashine ya kuchapia fulana. Vijana hunijia wakitaka alama ya siku ya kuzaliwa ya mpenzi au ya mtoto, na siku hizi tarehe inageuzwa kwenye simu kwa kufumba na kufumbua. Kila mmoja namweleza alama hizi ni za Wamaya, kwamba wao wapo hai na hawakutupa ruhusa. Baadhi ya vijana hao husikiliza na wengine hutazama saa. Noela anahojiwa huko aliko, kitambaa kikiwa nyuma yake, na kisa kimekua: sasa baba alimwambia maneno kabla basi halijaondoka. Kwa miaka mingi nilijipoza kwamba tupo watatu tunaoujua ukweli, hata kama wawili wameukalia.

Mwezi uliopita nilimkuta mama akimsimulia mwanangu habari za babu yake. Alisimulia vizuri, kwa mikono na macho, basi, vumbi, ndara ya Noela. Nilimtazama nikitafuta dalili ya aibu. Haikuwepo. Nilikaa karibu naye nikamwambia polepole, "Mama, ndara ilikuwa yangu. Ni mimi niliyemwona."

Alinishika shavu kwa huruma ya kweli. "Wewe ulikuwa mdogo sana, Riziki," alisema. "Huwezi kukumbuka." Kisha akamgeukia mwanangu akaendelea, naye alikuwa ameshasogea karibu, asikose neno.